Kompyuta ya Akiba Ndani ya Karatasi ya Mkate

Nakiri mwenyewe kabla watu wa kwetu hawajanitangulia, maana wao wakisimulia hutia chumvi: nilishuka mita kumi na nne chini ya bahari nikiwa nimeikinga kompyuta ya kupigia mbizi isilowe maji. Niliifunga kwenye karatasi ya mkate, ile ya nailoni, nikaikunja mara tatu, nikaisokomeza kifuani ndani ya sidiria, mahali ambapo mwanamke wa Kakamega huweka simu mvua ya alasiri inapoanza kunguruma. Kwa miaka zaidi ya ishirini mahali hapo hapajaniangusha. Simu zangu zimekufa kwa mambo mengi, moja hata kwa choo cha shimo, lakini hakuna iliyokufa kwa mvua.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza, mama wa kuku na mahindi alikuwa anatafuta nini chini ya bahari. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni sokoni Lubao, na hata huko nikichelewa kidogo moyo unaanza kunidunda nikifikiria kama mlango wa banda niliufunga. Shule nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na tangu hapo sijaona sababu ya kutoka tena.

Sababu ililetwa na mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wetu. Yeye alikwenda pwani kutafuta kazi ya hotelini na pwani ikambakiza. Sasa ni mwalimu wa kupiga mbizi, anawashusha watalii baharini na mitungi ya hewa mgongoni. Alikuja likizo mwezi wa nane, tukawa tunakula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga jikoni kwangu, naye anasifia kazi yake, jinsi ilivyo ngumu, jinsi inavyohitaji akili. Nikamwambia, "Kazi gani hiyo? Kuangalia samaki! Hata mimi naweza."

Akaweka tonge chini. "Dada, rudia."

Nikarudia. Mdomo wangu haujui kurudi nyuma.

Kesho yake nilikuwa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja mjini Kakamega, nimevaa suti ya mpira iliyonibana mpaka nikaanza kupumua kwa hesabu. Kuogelea nilijua, nilijifunza mtoni nikiwa msichana, tukitoroka kazi ya kupalilia. Lakini mtoni hakukuwa na mhudumu amesimama ukingoni na sahani ya chipsi mkononi, amesahau mteja wake, anaangalia mama mzima akibebeshwa mtungi kama wa gesi.

Hapo ndipo mdogo wangu alinionyesha hizo kompyuta. Usifikirie kompyuta ya ofisini. Ni kitu kama saa kubwa ya mkononi. Ukiwa chini inakuambia uko mita ngapi, umekaa dakika ngapi, na umebakiwa na dakika ngapi kabla hujaambiwa utoke. Kazi yake kubwa ni kuhesabu hewa inayoingia mwilini. Alinieleza hivi: chini ya maji, mwili unajazwa gesi kama chupa ya soda kiwandani. Ukipanda pole pole, gesi inatoka taratibu. Ukipanda mbio, ni kama kufungua soda iliyotikiswa, na wewe ndiye chupa. Hata ukishatoka majini, gesi nyingine inabaki, ndiyo maana huruhusiwi kupanda ndege mpaka saa fulani zipite. Kompyuta ndiyo inayojua saa ngapi, kwa sababu ilikuwa na wewe huko chini.

"Na ya pili ni ya nini?" nikauliza, maana aliniwekea mbili mezani.

"Ya akiba. Ya kwanza ikizima, hii inaendelea. Lakini lazima iwe imeingia majini na wewe tangu mwanzo. Haikopeshwi mtu mwingine, haiachwi kwenye mfuko. Mbizi ambayo haikuwepo, haiijui."

Halafu akaanza somo la mahali pa kuibeba, na kwa somo hilo alinichosha kweli. Ya kwanza mkono wa kushoto. Ya pili mkono wa kulia, au ining'inizwe kifuani kwenye jaketi la hewa, kwa kamba ya mpira na klipu kwenye pete ya chuma, fupi, isiwe inabembea na kugonga mawe. Muhimu ni uweze kuisoma bila kutafuta. Ukishuka, suti inaminywa na maji, mkono unakuwa mwembamba, kwa hiyo mkanda wa kawaida unalegea na saa inazunguka kama bangili. Ndiyo maana kamba ya mpira ni bora, inafuata mkono.

Hapo kwenye mpira nilichangia. Nilikwenda kwa fundi baiskeli nikamwomba kipande cha tyubu kuukuu, nikakata mkanda mzuri mweusi, ule ule wa kufungia mizigo kwenye karia. Mdogo wangu aliuvuta, akaujaribu, akakubali kwamba ulikuwa mzuri kuliko wake. Nilijivuna wiki nzima. Lakini siku ile bwawani aliposema kwamba aina hii ya kompyuta huamka yenyewe ikiguswa na maji, neno hilo lilinipita, maana nilikuwa naangalia chipsi za yule mteja zikipoa.

Basi akarudi pwani, na baada ya miezi michache akanitumia tiketi za ndege. Niende Jumatatu, nishuke baharini Jumanne mpaka Alhamisi, nirudi Ijumaa asubuhi. Nilitafuta udhuru. Kuku, nikasema. Akaniambia kuku wana mtu wa kuwalisha, jirani.

Udhuru wa kweli ulikuja Jumapili, siku moja kabla ya safari, na ulikuja na miguu yake. Binti wa kaka yetu mkubwa aliingia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda bila kualikwa, akaanza kuchambua mboga zangu. Kaka huyu anakaa upande wa Navakholo, na binti anasoma kilimo chuoni Bukura. Wageni wa posa walikuwa wanakuja Jumamosi. Hilo nililijua. Nisilojua ni alilokuwa nalo kifuani.

"Shangazi, mimi yule kijana nampenda," akasema. "Lakini wanataka nihamie kwao mwezi ujao. Na mimi bado nina mwaka na nusu Bukura. Baba anasema nisiwasumbue wageni na mambo ya shule, eti watakata tamaa."

"Na wewe wataka nini?"

"Nimalize kwanza. Shangazi, si unajua mimi siwezi kusimama mbele ya wazee niseme hivyo. Ni wewe utasema. Usipokuwepo, hakuna wa kusema."

Ni kweli. Kwetu binti akiposwa, neno lake linapita kinywani mwa shangazi. Baba anaweza kunguruma na wajomba wakakohoa, lakini akiulizwa shangazi "binti anasemaje?" kila mtu ananyamaza. Shangazi asipokuwepo, mtu mwingine hukaa kwenye kiti chake na kusema binti amefurahi, basi.

"Nitarudi Ijumaa," nikamwambia. "Jumamosi niko pale kabla ya viti kupangwa."

"Ahadi?"

"Mimi nimewahi kulala nje ya nyumba hii kwa kupenda? Nitarudi nikikimbia."

Bahari sitaisimulia sana. Ina maji mengi na yana chumvi. Jumanne na Jumatano mdogo wangu alinivika kila kitu mwenyewe, kompyuta moja mkononi kwa mkanda wangu wa tyubu, ya akiba kifuani kwenye klipu. Tulishuka, nikaona samaki, nikapanda. Kila jioni nilipiga simu nyumbani kuuliza habari za kuku.

Alhamisi ilikuwa mbizi ya mwisho. Tukiwa kwenye boti ya injini, mdogo wangu akasema, "Leo jivike mwenyewe, dada. Mimi nitakagua." Nikavaa kila kitu vizuri. Nikafika kwenye kompyuta ya akiba, nikaiangalia inavyoning'inia kwenye kaklipu kembamba, mali ya watu, na mimi ni yule mtu ambaye simu yake ilianguka chooni. Nikaona hapana. Kitu cha watu kinawekwa mahali salama. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na karatasi ya mkate tuliokula asubuhi. Mengine nimeshakiri.

Mdogo wangu alipokuja kukagua aliangalia mtungi, akaangalia miwani, akavuta mikanda. "Ya akiba iko wapi?"

Nikapiga kifua changu mara mbili. "Ipo."

Kwa kuwa ya akiba hukaa kifuani, akaridhika. Na mtu mwenye heshima haendi kuchungulia kifua cha dada yake mkubwa.

Tulikuwa mita kumi na nne. Nilikuwa nimeshuka chini ya mdogo wangu kidogo, mara ya pili au ya tatu, nikimfuata samaki mwenye midomo mizito aliyefanana kabisa na kaka yetu mkubwa anapokataa jambo. Nikaangalia mkono. Kioo kimezima. Nikakigonga, nikakipangusa, nikakisogeza karibu na miwani. Kimya, betri imekwisha.

Sikuogopa. Nilikuwa na akiba! Nikamwonyesha mdogo wangu mkono, naye akafanya ishara iliyo wazi: haya, soma ya pili.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba zipu ya suti ya kupigia mbizi iko mgongoni.

Nilijaribu kuingiza vidole kwenye ukosi. Maji ya baridi yakanishuka mpaka tumboni, nikaruka kama niliyechomwa. Nikamwonyesha kifua. Nikakipiga kwa nguvu, mara mbili, tatu, kumwambia iko hapa ndani. Sasa fikiria wewe ndiye mwalimu. Uko chini ya bahari na dada yako aliyepita hamsini, naye ametoa macho, anajipiga kifuani na kujikuna shingo. Macho ya mdogo wangu nyuma ya miwani yalikuwa makubwa kama visahani. Alinishika mkono kama mama anayevusha mtoto barabara, akaanza kunipandisha, pole pole, anasoma kompyuta yake. Kwenye mita tano tukasimama dakika tatu kama inavyotakiwa, na dakika zote tatu ananikazia macho aone kama bado napumua. Mimi nilimtikisia kichwa kwamba si moyo. Naye akadhani nakataa kufa, akanibana mkono zaidi.

Botini alinivua mtungi kabla sijakaa. "Kifua kinauma wapi? Kinapiga mkononi?"

"Hakiumi," nikasema. "Nifungue zipu."

Akanifungua. Nikaingiza mkono, nikatoa karatasi ya mkate, nikaikunjua. Ndani, kompyuta ilikuwa kavu kama ugoro. Kioo cheusi. Ilikuwa imelala usingizi safari nzima, haijui kama tulitoka bandarini.

Nahodha wa boti, mzee wa huko huko pwani, alisimamisha kitambaa alichokuwa akifutia usukani. Akasogea, akaiangalia, akauliza kwa adabu kubwa, "Bi mkubwa, hii umeileta kutembea?"

Mdogo wangu hakucheka. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mabaya, maana yule hucheka hata matangani. Akakaa kando yangu. "Dada, ndege yako ni kesho saa moja asubuhi. Sasa ni saa sita mchana. Kungekuwa na rekodi, ningesoma saa kumi na nane, na ungeondoka. Ile ya mkono imekufa na kumbukumbu ya leo. Hii haikuamka."

"Si tulikuwa pamoja? Soma yako."

"Yangu inajua mwili wangu. Wewe ulikuwa unashuka chini yangu kila mara, sijui kiasi gani. Bila rekodi, sheria yetu hapa ni saa ishirini na nne kamili, na mimi ndiye ninayeisimamia."

"Basi nitachukua basi usiku huu."

"Basi litakupeleka Nairobi, ambako ni juu. Kutoka hapo likupandishe milimani, juu zaidi. Gesi haiulizi kama umepanda kwa mabawa au kwa magurudumu. Nyumbani kwetu kwenyewe ni juu, dada."

Maisha yangu yote nimeishi Kakamega na sikuwahi kujua kwamba niko juu. Nilidhani niko nyumbani tu.

Ijumaa mchana ndege zote zilikuwa zimejaa, na mabasi ya kwenda kwetu pia. Nafasi ya kwanza ilikuwa Jumamosi asubuhi, ifike Kisumu saa sita. Wageni wangeingia saa nne. Nilimpigia kaka mkubwa nikamweleza, na nilipofika kwenye sidiria nikasema "mahali fulani".

"Umeenda kuogelea na posa iko Jumamosi," akasema. "Wewe ambaye mwaka jana ulikataa kuja harusini Busia, eti ni mbali! Hakuna shida. Mke wangu atakaa kwenye kiti chako. Atasema binti amefurahi."

"Asikae mtu kwenye kiti changu."

"Kwa hiyo wageni wanywe chai mpaka saa nane?"

"Wanywe."

Akakata simu. Binti naye akapiga, sauti ya chini, kama mtu aliyejificha stoo. "Shangazi, umeahidi. Baba ameanza kusema tuendelee bila wewe. Mimi nimemwambia jibu langu liko kwako, kama hawakungoji sitoki ndani ya nyumba."

"Umemwambia hivyo baba yako?"

"Kupitia mlango. Nimefunga na ufunguo."

Nilikaa saa ishirini na nne zile, na nyingine zaidi, kwenye kibaraza cha mdogo wangu. Sijawahi kukaa bure kwa uchungu namna hiyo, na kukaa ndiyo kazi ninayoijua. Mdogo wangu alipita na chai, akanipiga bega. "Ningekukagua kwa mikono ungelalamika," akasema. "Ungenipiga kofi," akajijibu, akaenda.

Jumamosi kwenye ndege nilitunga hotuba. Kwanza ningewaeleza faida ya mke aliyesomea kilimo: mahindi yao yenyewe yangeona tofauti. Pili, ningewaambia kwamba mapenzi yanayoshindwa kungoja mwaka na nusu si ya kuletewa ng'ombe. La tatu nililiweka akiba, lilikuwa la machozi. Nilijisemea mdomo ukicheza mpaka abiria wa kando akaanza kunisalimia kwa huruma.

Nilifika kwa kaka saa nane na robo. Hema, viti vya plastiki, na wageni wamekaa wameinama kidogo kama watu walio kanisani kwenye mahubiri marefu. Tangu saa nne walikuwa wamepewa chai ya rangi, na baadaye chai ya rangi tena. Kwetu chakula cha posa hakiguswi kabla maneno hayajaisha, na maneno yalikuwa hayajaanza, kwa kuwa binti alikuwa bado amefunga mlango. Kuku, ingokho wenyewe wa kienyeji, walikuwa wameiva tangu saa sita. Harufu yao ilikuwa inatoka jikoni, inapita katikati ya hema, inawazunguka wazee wa watu, inarudi jikoni.

Kaka mkubwa aliniangalia. Alama ya miwani ya maji ilikuwa bado imenizunguka uso kama sufuria iliyowekewa mfuniko. Nikagonga mlango wa binti, akafungua kidogo, nikamuuliza kupitia ule ufa, "Bado ni lile lile?"

"Ni lile lile, shangazi."

Nikaenda hemani, nikakaa kwenye kiti changu. Msemaji wa wageni, mzee mwembamba wa kofia, akasimama kwa shida kidogo. Mzee wetu akauliza kama desturi inavyotaka, "Shangazi, binti anasemaje?"

"Binti anawajua wageni hawa na amewapokea," nikasema. "Lakini atamaliza masomo yake Bukura kwanza, mwaka na nusu uliobaki. Ndipo aje kwenu." Nikavuta pumzi kuanza faida za kilimo.

Mzee wa kofia hata hakukaa chini kushauriana. Aligeuza kichwa kwa wenzake, wenzake wakaitikia kwa vichwa wote kwa pamoja, mmoja akiwa ameelekeza uso jikoni. "Tumekubali," akasema. "Asome. Elimu ni kitu kizuri. Tuombe."

Vigelegele vikapigwa. Binti alitoka akanikumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hatufanyi, nami nikamwachia.

Nilikwenda jikoni nikiwa nimekuwa mrefu. Wanawake walikuwa wanapakua haraka haraka, na msimamizi wa masufuria alikuwa jirani yangu, yule yule aliyelisha kuku wangu wiki nzima. Nikawaeleza jinsi wageni walivyokuwa wakali, jinsi nilivyowakazia macho, jinsi inavyohitaji busara kujua neno moja la kusema na kuliacha hapo. Nikasema watu wengine wamejaliwa ulimi. Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akakatia obusuma kwenye sinia, akalamba mwiko, akanijibu:

"Wewe unapendanga kujisifu bure. Si ulimi wako, ni njaa. Wale watu, hata ungewaambia msichana asome mpaka azeeke, wangesema amina. Sasa toka mlangoni, nipitishe hii nyama."